Si Makombo Yote ni ya Mbwa



Katika lugha yetu, ukitaka kumuudhi mpishi mwambie kwamba chakula chake ni cha mbwa. Maana yake sote tunaielewa: kimeungua, kimechacha, au kimelala siku tatu. Leo naomba tuyatazame maneno hayo mawili, "cha mbwa", kwa sababu naona yanawaua mbwa wetu, na tusipoangalia yatatudhuru na sisi wenyewe.

Hapa mjini mbwa wengi hawafugwi kwa mapambo. Mbwa ni mlinzi. Hulala nje, mvua yake na mbu wake, na mshahara wake ni sufuria moja ya jioni. Ndani ya sufuria hiyo mna dona au pumba, dagaa, pengine utumbo na miguu ya kuku, kisha juu yake humiminwa chochote kilichobaki mezani. Hapo kwenye "chochote" ndipo penye balaa.

Tuanze na kitunguu, maana mchuzi wetu haukamiliki bila hicho. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuondoi ubaya huo. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 20, hiyo ni kama gramu 300, yaani vitunguu vitatu vya kadiri. Mkimmwagia masalia ya sufuria ya shughuli, kiasi hicho si kikubwa. Na dalili haziji siku ile ile. Baada ya siku kadhaa ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawia, mbwa anahema bila kukimbia. Kufikia hapo mwenye mbwa amekwisha kusahau habari ya mchuzi. Anaanza kusema, "Jirani kamwekea sumu mbwa wangu." Ugomvi wa bure unazaliwa, na sumu ilitoka jikoni kwake.

La pili ni zabibu, mbichi na kavu, zile tunazozitia kwenye pilau. Zinaweza kuua figo za mbwa, na mbwa hawalingani: mmoja atakula asidhurike, mwingine atakula chache tu na figo zikasimama. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani walieleza kwamba mshukiwa ni asidi ya tartariki. Asidi hiyo imejaa pia katika ukwaju, nao umekwisha kuwadhuru mbwa. Kwa hiyo mabaki ya juisi ya ukwaju yasimwagwe kwenye bakuli lake.

Yako na mengine. Chokoleti ina kemikali ambayo mwili wa mbwa huchelewa mno kuitoa, nayo huupeleka moyo mbio. Bazoka zisizo na sukari, kama zimetiwa utamu uitwao zailitoli, huweza kushusha sukari ya damu ya mbwa katika nusu saa na kumwangusha. Na mifupa ya kuku aliyepikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa matumbo. Afadhali mifupa hiyo ifukiwe.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo moja, nalo ni mahindi yaliyoota ukungu.

Nimesimama katika soko moja la nafaka nikamtazama muuzaji akichambua. Mazuri gunia hili, yenye ukungu gunia lile. Nikamuuliza lile la pili linakwenda wapi. Akanijibu bila wasiwasi, "Hayo ya mbwa na kuku, mzee. Bei poa."

Ukungu wa aina hiyo unaweza kutengeneza sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Hushambulia ini. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi: hususa chakula, hutapika, macho na ufizi huwa manjano, kisha hufa. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, huko Marekani, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa kutokana na chakula cha viwandani kilichokuwa na sumu hii. Kama imepenya kwenye viwanda vyenye maabara, itashindwaje kupenya kwenye pumba zetu?

Na msidhani moto utasaidia. Chemsha ugali mpaka usiku wa manane, ukungu utakufa lakini sumu itabaki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sumu hii haiulizi nani mbwa na nani mtu. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya iliua watu 125 waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Gunia lile la "bei poa" likilishwa ng'ombe, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo uji wa mtoto. Kwa hiyo anayesema "ni ya mbwa tu" amefunga mlango mmoja akaacha mwingine wazi.

Tufanyeje? Mahindi yenye ukungu hayana mlaji; yatupwe mahali ambapo hata kuku hawafiki. Chakula cha mbwa kihifadhiwe pakavu, juu ya chaga, kama chetu. Mgawie ugali na dagaa wake kabla mchuzi haujaungwa. Na akianza kutapika au kupauka, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, mkamweleze alikula nini; msianze kumtafuta mchawi.

Ndugu zangu, sisemi mbwa aandaliwe meza. Nasema kilichooza kisipewe jina la mlaji kwa sababu tu mlaji huyo hawezi kulalamika. Ukimlisha mlinzi wako sumu, usiku mwizi akija usiulize mbona hakubweka.