Majira ya Kuzuru Mashamba ya Zabibu Dodoma
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Muleba



Chama kinapotenga fedha za ziara ya mafunzo, aghalabu huzungumzwa gari na posho, na suala la majira huachwa nyuma. Kwa atokaye Muleba kwenda Dodoma, kwa njia ya Biharamulo, Nzega na Singida, kosa hilo ni ghali. Aweza kufika akakuta mizabibu imepogolewa, haina jani wala kichala.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Hata hivyo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwani mkulima huuamsha mzabibu kwa kuupogoa, na baada ya miezi ipatayo minne matunda huiva. Mavuno ya kwanza huangukia Februari na Machi. Ya pili, Agosti na Septemba. Ulaya, ambako baridi huulaza mzabibu, huvunwa mara moja tu.

Mtalii angechagua Agosti: anga kavu, zabibu tamu, ugonjwa wa ubwiri haba. Lakini mwanachama wa Muleba si mtalii. Agosti kahawa ya maganda i mzanini. Katibu akiondoka, ni nani atakayepima na kuandika stakabadhi? Mwanachama naye, kahawa yake itaanikwa na nani?

Kwa hiyo yafaa kwenda mwanzoni mwa Machi. Ni kweli kwamba mvua huleta matope na ubwiri, lakini hapo ndipo penye somo. Kahawa iliyokauka hungoja ghalani, zabibu haingoji. Mnunuzi akichelewa siku chache, jasho la miezi huoza. Mkamuaji wa rubisi anaifahamu shida hiyo. Wajumbe na waulize: bei ilipatanwa kabla ya mavuno au baada yake? Je, wenyeji wana mtambo na matangi ya kugeuza zabibu kuwa mchuzi unaohifadhika?

Basi uamuzi upitishwe kabla ya Desemba. Mwezi Januari chama kiwaandikie wenyeji na kuthibitisha juma la mavuno, maana tarehe ya kupogoa ndiyo ipangayo tarehe ya kuvuna. Na kila mjumbe arudipo, asome taarifa yake mbele ya wanachama, kwa kuwa fedha iliyomsafirisha ni yao.