Mtoto Anayejinyea Si Mkaidi

Mazungumzo na wazazi siku ya kliniki ya watoto

Tunawashukuru kwa kubaki baada ya watoto kupimwa uzito. Tunajua jua ni kali na wengine mmetoka mbali.

Leo tunataka kuzungumza jambo ambalo watu hulionea haya. Ni jambo la mtoto kufunga choo, na la mtoto mkubwa kujinyea. Tunaona wengine mmeanza kucheka. Chekeni tu, hakuna ubaya. Lakini mama mwenye mtoto wa namna hiyo hacheki. Yeye hufua nguo mara tatu kwa siku, na maji ameyabeba kichwani.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe.

Mama mmoja alimleta mtoto wake wa kiume wa miaka mitano. Alisema mtoto anaharisha, wiki baada ya wiki. Nguo zinachafuka, lakini kinachotoka ni kidogo, ni majimaji yenye harufu kali. Tulimpa dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, ile ya kuharisha, pamoja na vidonge vya zinki. Akaenda zake. Baada ya wiki mbili akarudi na maneno yale yale. Tukampa tena dawa ile ile.

Mara ya tatu alikuja pamoja na baba wa mtoto. Mtoto alikuwa na alama za fimbo miguuni. Baba akasema, "Huyu si mgonjwa. Ni mkaidi. Mdogo wake wa miaka mitatu anakwenda chooni, yeye hataki." Na huko darasa la awali wenzake walikuwa wamekwisha kumpa jina la kumcheka. Hatutalitaja hapa.

Siku hiyo ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelifanya siku ya kwanza. Tulimlaza kitandani, tukampapasa tumbo. Chini ya kitovu, upande wa kushoto, tulikuta kitu kigumu, kama viazi vilivyopangwa ndani ya mfuko. Kilikuwa ni choo. Tukamwuliza mama, "Mara ya mwisho mtoto huyu kupata choo cha kawaida ilikuwa lini?" Akafikiri sana. Hakukumbuka.

Basi mtoto yule hakuwa anaharisha. Alikuwa amefunga choo kwa miezi mingi.

Mtauliza, yawezekanaje mtu aliyefunga choo akachafua nguo kwa majimaji? Swali zuri. Mmeona mfereji wa bustani ukiziba kwa tope. Maji hayakai yametulia. Hutafuta njia pembeni ya tope, yakapita kidogo kidogo, yakamwagika pasipotakiwa. Ndivyo inavyokuwa tumboni. Choo kigumu kimeziba. Choo laini kinachotoka juu hupenya pembeni, kikateremka mpaka kwenye nguo. Mtoto mwenyewe hana habari.

Hapo kwenye maneno "hana habari" ndipo penye ugomvi mwingi majumbani. Mzazi husema, "Mtu mzima kama wewe, husikii?" Naam, kweli hasikii. Sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya kutokea, inaitwa puru. Kazi yake ni kutupa habari kwamba choo kimefika, twende. Choo kikijaa humo siku nyingi, puru hutanuka kama mfuko uliotiwa mzigo kupita kiasi. Ikitanuka, haitoi tena habari. Hata harufu, mtoto ameizoea. Ukimpiga kwa kutosikia, unampiga kwa jambo ambalo mwili wake haukumwambia.

Mambo haya huanza vipi? Mara nyingi huanza kwa jambo dogo. Pengine mtoto alipata homa, hakunywa wala kula vizuri, choo kikawa kikavu. Pengine ameachishwa ziwa, chakula kimebadilika. Siku hiyo choo kigumu kikamchana, akaona damu kidogo, akalia. Watoto wana akili. Kilichomuuma jana hakitaki leo. Kesho yake choo kinapofika, anakizuia. Utamwona amesimama nyuma ya ghala, amebana miguu, amekakamaa, jasho linamtoka. Mama akimwona anasema, "Maskini, anasukuma." Hapana, mama. Anazuia. Choo kikizuiwa kinarudi, kinakaa, utumbo unanyonya maji yake, kinazidi kuwa kigumu. Kikitoka siku ya nne kinauma kuliko cha kwanza. Naye anazidi kuogopa.

Sasa ongeza fimbo juu ya hofu hiyo. Mtoto atajificha, atazuia zaidi, atafukia nguo chafu kichakani. Akina baba, hatusemi haya kwa kuwalaumu. Yule baba alipopeleka mkono wake tumboni mwa mtoto akasikia ule ugumu, alinyamaza muda mrefu. Nasi tulinyamaza. Tulikuwa tumempa mtoto dawa isiyo yake mara mbili.

Haya, tiba yake ni nini?

Kwanza choo kilichojaa lazima kitoke. Kazi hii si ya nyumbani. Mlete mtoto kwenye zahanati au kituo cha afya. Dawa moja inayotumika sana ni laktulosi. Ni dawa ya maji, nzito na tamu. Hiyo huvuta maji na kuyaweka ndani ya choo, choo kikalainika. Iko pia makrogoli, ambayo ni unga wa kuchanganya na maji. Mganga atawaambia kiasi, kwa kufuata umri na uzito wa mtoto. Usimpe mtoto dawa ya kuharisha ya watu wazima uliyoinunua dukani. Na jueni hili mapema: siku za mwanzo mtoto atachafua nguo zaidi kuliko zamani, kwa sababu mfereji unazibuka. Wengi huacha dawa hapo, wakasema imeharibu. Haikuharibu, inafanya kazi.

Tunajua wengine hupiga bomba watoto nyumbani kwa maji ya majani, au huingiza kipande cha sabuni. Tafadhalini acheni. Sabuni na majani mengine huunguza ngozi ya ndani, na bomba lisilojulikana kipimo laweza kumtoboa au kumdhuru mtoto. Tena mtoto anayeogopa kuguswa sehemu hiyo ataogopa mara mbili. Na ile dawa ya minyoo? Ni nzuri kwa minyoo, mpeni wakati wake. Lakini haizibui choo kilichokauka.

Pili, choo kikiisha kutoka, dawa ya kulainisha haiachwi. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Wiki moja nguo safi, mama anafurahi, chupa inawekwa juu ya kabati. Mwezi haujaisha, mambo yamerudi. Kumbukeni ule mfuko uliotanuka. Hauwezi kurudi hali yake kwa wiki moja. Dawa huendelea angalau miezi miwili, na isiachwe mpaka mtoto amekaa mwezi mzima bila dalili yoyote. Kisha hupunguzwa kidogo kidogo, haikatwi ghafla. Watoto wengi huhitaji miezi sita au zaidi. Wazazi wengine huogopa kwamba mtoto atazoea dawa asiweze kwenda bila hiyo. Laktulosi haimfanyi hivyo. Kinachodhoofisha utumbo ni choo kukaa humo.

Tatu, mtoto afundishwe kukaa. Mtu akila, tumbo lake huamka na kusukuma. Kwa hiyo baada ya uji wa asubuhi, na baada ya chakula cha jioni, akae dakika tano mpaka kumi. Miguu ikanyage kitu imara, magoti yainuke. Akipata choo, msifu. Asipopata, msifu pia kwa kukaa. Usimshike hapo saa nzima.

Akae wapi? Hili nalo tulifikirie. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo nchi nzima. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini tundu la choo tulilipima kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu akichungulia anaona giza, anasikia nzi, anadhani atatumbukia. Na kweli aweza kutumbukia. Anayeogopa choo atazuia. Basi mtafutieni poti. Kama hakuna, fanyeni kama bibi zetu walivyofanya: mama huketi chini, hunyoosha miguu, mtoto hukaa juu ya miguu ya mama kama juu ya kigoda. Kinachotoka kitupwe chooni mara moja, mikono ioshwe kwa sabuni. Msiseme choo cha mtoto hakina ubaya. Kinaleta magonjwa kama cha mkubwa.

Na ninyi walimu mlio hapa, tunawaomba. Mtoto akinyosha mkono kuomba ruhusa, mwacheni aende. Mtoto aliyezoea kujizuia asubuhi nzima ndiye huyu tunayemzungumzia.

Sasa chakula. Alikuwako daktari mmoja mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1940 mpaka ya 1960. Baadaye alieleza sana kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa walipata choo kingi na laini, kuliko watu wa Ulaya waliokula vyakula vilivyochujwa. Sisi je? Tulikuwa na dona, tukaifuata sembe kwa sababu ni nyeupe. Tukiukoboa unga makapi tunampa kuku, basi kuku anapata choo kizuri kuliko mtoto! Mpeni mtoto ugali wa dona, maharage, mchicha, matembele, mlenda, viazi vitamu. Papai na embe na chungwa la kula pamoja na nyama zake tunavyo, tusiviuze vyote mnadani. Anywe maji safi ya kutosha. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, anayeshiba maziwa ya ng'ombe mpaka hataki chakula, apunguziwe maziwa. Lakini tusidanganyane. Kama choo kimekwisha kujaa na kuziba, papai peke yake halitakizibua. Hapo dawa kwanza, papai pamoja nayo.

Mama mwenye mtoto mchanga asichanganye mambo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyepita wiki chache za mwanzo, aweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama choo kikitoka ni laini, ananyonya vizuri na uzito unapanda, hana ugonjwa. Usimpe maji wala majani kabla ya miezi sita. Asali usimpe mpaka atimize mwaka mmoja, ni hatari kwake.

Lakini yako mambo ambayo hayangoji. Mtoto aliyezaliwa, siku ya kwanza ikapita na ya pili inakwisha bila choo chake cha kwanza cheusi, apelekwe hospitali. Vile vile mtoto ambaye tumbo limevimba na kukaza, anayetapika matapishi ya kijani, asiyeongezeka uzito, ambaye miguu yake imelegea, au anayetoa damu nyingi. Huyo yawezekana ana ugonjwa mwingine, kama vile sehemu ya utumbo isiyo na mishipa ya fahamu tangu kuzaliwa. Huyo huhitaji daktari wa kupasua. Ni wachache, lakini wapo.

Tuwaeleze habari za yule mtoto wetu. Alitumia dawa miezi minane. Mwezi wa tatu mama alikuja analia, nguo zimechafuka tena. Tulipouliza, dawa ilikuwa imekwisha na nauli ya kuja kuchukua nyingine haikuwapo. Tukaanza upya. Baba yake ndiye aliyemtengenezea kigoda cha mbao chenye tundu, akakiweka nyuma ya nyumba, akafunga turubai. Asubuhi humpeleka yeye mwenyewe kabla ya kwenda shamba. Pia alikuwa akikojoa kitandani, kwa sababu choo kilichojaa hukandamiza kibofu. Hilo nalo lilipungua. Siku hizi yuko darasa la kwanza. Bado nguo huchafuka siku moja moja, hasa akisafiri. Mama hufua, hasemi neno.

Tumemaliza. Mwenye mtoto wa namna hii asitueleze sasa hivi mbele ya watu, mtoto asije akaaibika. Akae hapo chini ya mwembe mpaka wenzake waondoke. Tutakuja tumwite ndani, na mtoto tumpapase tumbo.