Kuweka Mipaka ya Mradi wa Programu ya Biashara: Mada kwa Viongozi wa SACCOS na Watengenezaji wa Mifumo



Utangulizi

Miradi mingi ya programu hukwama ingawa mafundi wake ni hodari. Mteja na mtengenezaji hutia saini mkataba mmoja, kila mmoja akiwa na mfumo wake kichwani, na tofauti hiyo hujitokeza fedha zikiwa zimeshatumika. Hoja yangu ni hii: wigo wa mradi haujakamilika mpaka maamuzi ya mteja yawe yameandikwa, pamoja na mambo ambayo mradi hautayafanya. Nitatumia mfano wa SACCOS ya wafanyakazi, yaani chama chao cha akiba na mikopo, inayotaka kuhama kutoka kwenye daftari na Excel kwenda kwenye mfumo mmoja wa hisa, akiba na mikopo.

1. Sentensi fupi, uamuzi mzito

Hadidu za rejea nyingi huwa na sentensi kama hii: "Mfumo ukokotoe riba ya mikopo." Riba ipi? Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikikokotolewa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, mwanachama atalipa riba ya shilingi 144,000. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, huku akirejesha shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi, riba yote itakuwa shilingi 78,000. Tofauti ni shilingi 66,000 kwa mwanachama mmoja, na imetokana na sentensi moja ambayo kila mtu aliiona iko wazi.

Maswali hayaishii hapo. Mwajiri akichelewesha makato, nani ahesabiwe kuwa amechelewa? Malipo pungufu yaanze kufuta faini, riba au mkopo wenyewe? Mdhamini akistaafu kabla mkopo haujaisha, mfumo ufanye nini? Haya ni maswali ya sera ya mikopo, na majibu yake ni ya bodi. Bodi isipojibu, mtengenezaji atajibu kwa kubahatisha usiku akiandika programu, na chama kitaishi na jibu lake kwa miaka.

2. Yaliyomo

Wigo mzuri huandikwa kwa kazi zinazofanyika na watu wanaozifanya: karani anapokea makato, afisa mikopo anachambua ombi, kamati inaidhinisha, mhasibu anafunga mwezi. Kila kazi iwe na kipimo cha kukubaliwa. "Ripoti ya mikopo iliyochelewa" haitoshi. Andikeni: mfumo utoe orodha ya mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, ikiwa na jina la mkopaji, salio na wadhamini, na jumla yake ilingane na leja kuu.

Yapo pia mambo yasiyo na mjadala. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS katika daraja la tatu, na taarifa kwa mamlaka inayozisimamia ni sehemu ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai tujue nani anaona taarifa za mwanachama na kwa sababu gani. Mambo haya yaingie tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuyapachika mwishoni ni ghali.

3. Yasiyomo

Ukurasa wa mambo yasiyomo ndio unaokosekana mara nyingi, nao ndio unaookoa urafiki. Je, mtengenezaji atahamisha kumbukumbu za zamani? Za miaka mingapi, na nani atazisafisha kwanza? Mwanachama mmoja akiwa na majina matatu kwenye daftari tatu, fundi wa kompyuta hawezi kuamua lipi ni sahihi. Malipo kwa simu je? Kuunganisha mfumo na kampuni ya simu kunahitaji makubaliano na kampuni hiyo, na ratiba yake haiko mikononi mwa mtengenezaji wala mwa chama. Ni busara kuiweka kazi hiyo katika awamu ya pili na kuandika hivyo waziwazi. Mafunzo kwa matawi, kompyuta mpya na matengenezo baada ya mwaka wa kwanza navyo vitajwe: vimo au havimo.

4. Mabadiliko

Mfano wa wigo usiowekwa vizuri ni huu: mwaka 2001 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilianza kutengenezewa mfumo wa majalada ya kesi ulioitwa Virtual Case File. Mwaka 2005 uliachwa, zikiwa zimetumika takribani dola milioni 170. Ukaguzi wa serikali ulitaja miongoni mwa sababu mahitaji ambayo hayakufafanuliwa vizuri na mkataba usio na hatua bayana za kukamilisha kazi. Ikiwa taasisi yenye fedha nyingi kiasi hicho iliangushwa na jambo la wigo usio bayana, chama cha wafanyakazi hakina nafasi ya kulichezea.

Mabadiliko yatakuja, na si kosa. Yanahitaji utaratibu: ombi liandikwe, mtengenezaji aeleze gharama na siku zitakazoongezeka, na mtu mmoja aliyetajwa kwenye mkataba aidhinishe. Wala msitegemee kuongeza watu kazi inapochelewa. Mtaalamu wa programu Frederick Brooks alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni lazima wafundishwe na walewale wenye kazi.

Hitimisho na mapendekezo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mradi wa programu ni mali ya wanachama. Napendekeza mambo matatu. Bodi ipitishe sera ya mikopo kwa maandishi kabla ya kutangaza zabuni. Mkataba usitiwe saini bila ukurasa wa yasiyomo. Malipo yafuate kazi zilizopimwa na kukubaliwa, yasifuate tarehe peke yake.

Ndugu watengenezaji, nanyi msiogope kuuliza maswali mengi kabla ya kutaja bei. Fedha mnazolipwa ni akiba ya mwalimu, muuguzi na dereva. Wana haki ya kujua watapata nini na hawatapata nini.