Wakala wa chuo cha majuu, nani anamlipa?

(Mazungumzo na vijana wa Dodoma mjini, yameandikwa ili nawe ambaye hukuwepo usome)

Mimi sina digrii. Niliishia sekondari nikashika kalamu, na kalamu ndiyo inayonilisha. Sijaja kumkataza mtu kwenda kusoma nje. Nani asiyetaka? Nimekuja kuzungumzia biashara ambayo bidhaa yake ni wewe, na hakuna aliyekuambia.

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, mabango yanabandikwa. Soma udaktari India, soma uhandisi Uturuki, China, Urusi. Ushauri bure! Ukumbi wa hoteli unakodiwa, vijana wenye suti wanagawa vipeperushi vyenye picha za majengo ya vioo. Ndugu msomaji, umewahi kujiuliza ukumbi ule kaulipia nani?

Kaulipia wakala, na wakala analipwa na chuo. Vyuo vingi vya nje humpa kamisheni kwa kila kichwa anachopeleka, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20 ya ada ya mwaka wa kwanza, pengine zaidi. Tufanye ada ni dola 4,000 na kamisheni ni asilimia 15. Kichwa chako ni dola 600. Vichwa 10 ni dola 6,000. Sasa muulize huyo mtu chuo kipi bora, kile kinachompa asilimia 15 au kile kisichompa hata senti. Unategemea akujibu nini? Sisemi wote ni matapeli, la hasha. Wapo waaminifu, na wapo waliofikisha vijana wetu salama wakarudi na vyeti vyao. Lakini hata mwaminifu anauza kilichopo dukani kwake.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipeleka Marekani ndege ya vijana 81, na mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukachangia safari nyingine. Mwaka huo huo wa 1960 Moscow ikafungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, ambacho mwaka 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba. Wakubwa wale wawili walikuwa wanagombea mioyo ya vijana wa Afrika. Si kwamba kule kulikuwa peponi. Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mjini Sofia, Bulgaria, wakakiona cha moto, na wengi wakafungasha virago. Lakini vita ile ilikuwa ya siasa, mfuko wa baba yako haukuwamo.

Mfuko uliingia baadaye. Mwaka 1979 serikali ya Margaret Thatcher iliamua kwamba mwanafunzi mgeni anayekuja Uingereza alipe gharama zote mwenyewe, na tangu hapo mgeni akageuka mradi. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, mwenyeji anayesoma digrii ya kwanza England hatozwi zaidi ya pauni 9,535. Mgeni hana kikomo hicho, na kozi nyingi humtoza mara mbili au zaidi. Halafu upepo wa siasa ukigeuka, mlango unabanwa. Januari 2024 Uingereza ilizuia wageni wengi wanaosoma digrii ya pili kwenda na familia zao, na mwezi huo huo Canada ikatangaza kikomo cha vibali vya wanafunzi. Anayekualika ni chuo, lakini ufunguo anao mtu wa uhamiaji.

Nchi zenye majina makubwa zikibanwa, wakala anakupeleka kwenye majina madogo. Kuna Cyprus ya Kaskazini, iliyojitangazia dola mwaka 1983 na kutambuliwa na Uturuki peke yake. Watu wake hawafiki milioni, vyuo vyake vikuu ni zaidi ya 20. Vyuo vyote hivyo vingeishi kwa nani kama si kwa wageni? Ukishindwa ada pale, kibali cha kukaa nacho mashakani, na ubalozi wa Tanzania hakuna. Mtoto wa kigogo akikwama, inapigwa simu moja tu. Wewe utampigia nani?

Ukraine nayo ilipendwa kwa sababu udaktari ulikuwa nafuu na ulifundishwa kwa Kiingereza. Vita ilipolipuka Februari 24, 2022, Watanzania walikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokimbilia mipakani na mabegi mgongoni. Na mwaka 2023 vijana wa Kihindi walikuwa hatarini kufukuzwa Canada kwa sababu barua za udahili walizopewa na wakala zilikuwa za kughushi. Wengine walikuwa wameshamaliza masomo na kuanza kazi!

Tusiende mbali, hapa hapa Dodoma usajili upo. Taasisi ya Confucius imekuwapo UDOM tangu mwaka 2013. Unajifunza Kichina, unafanya mtihani wao wa lugha, na ukifaulu vizuri unaweza kuombewa ufadhili. Wachina wana hesabu zao, tusijidanganye. Ila kwa mlalahoi mwenye bidii, njia hiyo naiona bora kuliko ya kuuza shamba la zabibu la mzee kule Hombolo.

Kwa hiyo ukikutana na kijana wa suti, muulize chuo kinamlipa kiasi gani. Akikasirika, umeshapata jibu. Muulize kama kuna mwaka mzima wa kujifunza lugha kabla ya kozi, maana Urusi na Uturuki jambo hilo ni la kawaida na kwenye kipeperushi halionekani. Ada usimkabidhi mkononi, ipelekwe kwenye akaunti ya chuo. Kitambulisho cha chuo chenyewe kitafute Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwani ndiyo itakayoitambua au kuikataa digrii yako ukirudi. Kama ni udaktari, ongeza Baraza la Madaktari Tanganyika.

Na barua ya udahili ikifika, iandikie ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua, uwaulize kama jina lako wanalo. Jibu likija, ndipo ukae na mzee mzungumze habari za shamba.