Asiyeruhusiwa Kugoma Asikilizwe



Ukisimama stendi ya Bunda, au sokoni Mwigobero mjini Musoma, utawaona askari wa aina mbili. Wa kwanza ni polisi. Wa pili ni mgambo wa halmashauri, yule anayesimamia ushuru na kuwaondoa wachuuzi barabarani. Wengi wetu huwaita wote askari, basi. Lakini likija suala la malipo, kila mmoja ana baba yake.

Polisi aliyeko Musoma si mwajiriwa wa Manispaa. Yeye ni wa Serikali Kuu, na mshahara wake hutoka Hazina. Mgambo anayelipwa na halmashauri hutazama mfuko wa halmashauri, yaani ushuru ule ule wa samaki, wa mazao na wa stendi. Makusanyo yakipungua, si ajabu akaambiwa asubiri.

Sasa polisi akiwa na dai afanyeje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowapa wafanyakazi wengine haki ya kugoma kwa utaratibu, haiwahusu polisi, wanajeshi wala askari magereza. Sababu yake inaeleweka. Polisi wakiweka virungu chini, anayefurahi ni mwizi.

Wenzetu wa mji wa Boston, Marekani, waliyaona hayo. Huko polisi huajiriwa na mji wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma, na polisi walijinunulia hata sare. Walipoanzisha chama, mkuu wao akakikataa. Tarehe 9 Septemba, 1919, zaidi ya polisi 1,100 waligoma. Maduka yaliporwa na watu wakafa. Waliogoma walifukuzwa wote. Waliochukua nafasi zao wakapewa mshahara bora na sare za bure, karibu yale yale waliyoyaomba waliofukuzwa. Je, haikuwa afadhali kusikiliza mapema?

Hapa nyumbani tuna fundisho letu, ingawa lilitokana na jeshi, si polisi. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alilazimika kuwaomba Waingereza, waliotuachia uhuru miaka miwili tu nyuma, waje kuwanyang'anya silaha askari wetu. Walikuja tarehe 25 Januari. Ilikuwa aibu kwa taifa changa, na jeshi lile likavunjwa.

Hatusemi hayo ili kuwatetea walioasi. Mwenye bunduki hadai haki yake kwa bunduki. Tunasema kwamba serikali inayomkataza mtu kugoma inajitwisha wajibu mzito zaidi kwake kuliko kwa mfanyakazi mwingine. Imlipe kwa tarehe inayojulikana. Akilalamika, apewe jibu kwa maandishi, asipewe uhamisho. Na madiwani wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wanapojadili mapato, waulize pia kama mgambo wao wanadai, na ni miezi mingapi.

Kwa nini sisi wananchi litugharimu hili? Kwa sababu askari asiyelipwa hutafutiwa mshahara barabarani. Deni la mwajiri humwangukia mama muuza dagaa na kijana wa bodaboda. Rushwa haina udhuru, na anayeipokea ashitakiwe. Lakini tukimshitaki yeye tu, tukamwacha aliyekalia malipo yake, tutakuwa tumekata tawi na kuacha shina.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1964 tuliujenga ukuta kwa gharama kubwa.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.