Kayaki na Ndege katika Mto Los Angeles

Leo tupo Los Angeles, Marekani, kwenye mto ambao wengi waliuona mtaro tu. Baada ya mafuriko ya 1938, wahandisi wa jeshi waliumwagia zege sehemu kubwa. Lakini pale Glendale Narrows maji ya ardhini husukuma juu, hivyo sakafu ikaachwa wazi. Mimea ikaota, samaki wakapata maficho, ndege wakafuata. Mwaka 2008 kikundi cha watu kiliupita kwa kayaki kuonyesha kwamba unapitika. Serikali ikakubali mwaka 2010: ni mto, na sheria ya maji safi inaulinda. Ajabu, mto kudai kuitwa mto!

Ukiwa majini utamkuta kongoti kwenye kina kifupi, shingo ameikunja, jicho kwa samaki. Akiinyoosha ghafla na kuacha kuwinda, umemkaribia mno. Usingoje aruke. Tuliza kafi, pita mbali naye, usimzibie njia. Mnandi aliyetandaza mabawa anayakausha; mwache. Bata wakikuzonga, mkate usiwatupie. Na mvua ikinyesha milimani, toka mtoni mara moja: kwenye zege maji hujaa kwa kasi, na kuta zile hazina pa kushika.