Orodha ya Shabiki

Wakikutana Waswahili wawili wapenda michezo, iwe barazani Mombasa, mkahawani Mutrah au katika duka la kinyozi mashariki mwa London, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye swali lile lile: nani alikuwa bora kuliko wote? Kila mmoja ana orodha yake. Haikuandikwa popote, lakini ameihifadhi kichwani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na yuko tayari kuitetea mpaka kahawa ipoe.

Wapo wanaoona kwamba orodha kama hiyo ni porojo tu. Saa zipo, vitabu vya kumbukumbu vipo, medali zimekwisha hesabiwa. Mtu ana haja gani ya kujipangia washindi wake mwenyewe? Lakini orodha ya shabiki si nakala mbovu ya jedwali la medali. Ina mizani yake, na mara nyingine mizani hiyo hutenda haki pale jedwali liliposhindwa.

Tuseme ni shabiki aliyekulia Tanzania katika miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, na redio moja ilitosha mtaa mzima. Mtu huyo leo ana mvi, pengine anaishi Muscat au Toronto, na ana wajukuu. Ukimuuliza mwanariadha wake wa kwanza, hatafikiri mara mbili. Atasema: Filbert Bayi.

Papo hapo atapingwa. Mkenya aliyeketi karibu naye atamkumbusha Kipchoge Keino, mwenye dhahabu 2 na fedha 2 za Olimpiki. Bayi ana fedha 1 tu, aliyoipata Moscow mwaka 1980 katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwa hesabu ya medali, mjadala umekwisha.

Kwa shabiki ndiyo kwanza unaanza. Atarudi nyuma hadi tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kuviziana: wakimbiaji hujikusanya, hutegeana, kisha hufyatuka katika mzunguko wa mwisho. Bayi hakuvizia. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha wenzake nyuma, akaongoza kila mzunguko huku mwenyeji, John Walker, akimfukuza hadi hatua za mwisho. Saa ilisoma dakika 3, sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa amepita chini ya rekodi ya zamani, ambayo Mmarekani Jim Ryun aliiweka mwaka 1967. Rekodi ya dunia ya Bayi ilidumu hadi mwaka 1979, ilipovunjwa na Mwingereza Sebastian Coe. Ama rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, hiyo ilisimama miaka 48, hadi mwaka 2022 mjini Birmingham.

Baada ya Christchurch, dunia ilisubiri marudiano ya Bayi na Walker katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hayakufanyika. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilisusia michezo hiyo. Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, yaani sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Bayi alibaki nyumbani.

Shabiki mwadilifu hana budi kukiri mambo mawili. La kwanza, fainali ya Olimpiki huwa ya hila kuliko ya kasi, kwa hiyo muda wa Christchurch si ushahidi kwamba Bayi angeshinda Montreal. La pili, imeelezwa kwamba mwaka huo Bayi alikuwa akisumbuliwa na malaria. Hata hivyo, kumweka Bayi wa kwanza si kudai kwamba angeshinda. Ni kukataa kwamba mtu aliyenyimwa nafasi ahesabiwe sawa na mtu aliyeshindwa. Jedwali la medali halina safu ya waliobaki nyumbani. Orodha ya shabiki inayo. Katika safu hiyo hiyo amewekwa Mkenya Henry Rono, aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na ambaye hakupata kukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa sababu Kenya ilisusia mwaka 1976 na tena mwaka 1980.

Wa pili katika orodha hiyo ni mtu aliyekuwa wa mwisho. John Stephen Akhwari alianza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa na wakimbiaji wengine zaidi ya 70. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha maliza zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, mguu umefungwa bendeji, giza limeshuka, watazamaji wengi wamekwenda zao. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu ile ili aanze mbio, bali azimalize. Mwenye saa ameandika 57. Shabiki ameandika 2, na hajawahi kuombwa radhi wala kuomba.

Keino anashika nafasi ya tatu, na hapo Mkenya atatulia kidogo. Katika michezo ile ile ya Mexico City, Keino alikuwa na maradhi ya vijiwe katika nyongo. Alianguka kwa maumivu katika mbio za mita 10,000, akapata fedha katika mita 5,000, kisha akamshinda Jim Ryun katika mita 1,500 kwa karibu sekunde 3. Wa nne ni Paul Tergat, ambaye mjini Sydney mwaka 2000 alipitwa na Haile Gebrselassie kwa sekunde 0.09 katika mita 10,000. Mwaka 2003 Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin. Miaka 4 baadaye, mjini humo humo, aliyekuja kuivunja alikuwa Haile yule yule.

Wajukuu wana orodha nyingine. Juu kabisa wamemweka Faith Kipyegon, mwenye dhahabu 3 za Olimpiki katika mita 1,500, au Eliud Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa 2, mjini Vienna mwaka 2019, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Wao waliona kwa macho. Babu alisikia kwa masikio. Septemba 2025 orodha hizo mbili zilikaribiana, pale Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mjukuu alishangilia ushindi. Babu alishangilia, kisha akaanza upya kumweleza juu ya Bayi.

Ama kuhusu soka, msikilizaji, huko daraja hupangwa kwa lakabu. Jina la utani ni hukumu iliyotolewa na umati kwa neno moja. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta katika enzi ambayo Watanzania wengi hawakuwa wamepata kuiona mashine hiyo. Walijua tu kwamba ni kitu kinachofikiri haraka na hakikosei. Abdallah Kibadeni wa Simba aliitwa King, na ikiwa kulikuwa na mwenye shaka, shaka hiyo iliondoka tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6–0 naye akipachika mabao 3. Nchini Kenya mlinda mlango Mahmoud Abbas aliitwa Kenya One, katika miaka ambayo Harambee Stars ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara 3 mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1983.

Shabiki hupima lakabu kama apimavyo dhahabu. Kwanza, je, ilitoka kwa watu, au mchezaji alijipachika mwenyewe? Pili, je, inaeleza alichokifanya uwanjani? Tatu, je, imedumu baada ya viatu kutundikwa? Kwa mizani hiyo, Kompyuta ndiyo ya kwanza. Majina mengi yalikuwa sifa tu, na King wamekuwa wengi duniani. Kompyuta ni maelezo kamili ya namna mtu alivyocheza.

Lakini majina hayo yalifikaje Tabora, Kisumu na Bujumbura, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona mchezaji mwenyewe? Yalibebwa na sauti. Hapo ndipo inapokuja orodha ya tatu, ya watangazaji.

Juu kabisa yupo Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya. Maneno yake matatu, “Kadenge na mpira”, yalimfanya Joe Kadenge aonekane na watu ambao hawakuwa na macho uwanjani. Yachunguzwe vizuri maneno hayo. Hayana sifa wala kelele. Yanataja mtu, yanataja mpira, na yanaporudiwa kwa kasi inayopanda, msikilizaji anajua kwamba mtu yuleyule bado anao, kwamba mabeki wanapitwa, na kwamba lango linakaribia. Kadenge alifariki dunia mwaka 2019, lakini nchini Kenya hadi leo maneno hayo husemwa na watu waliozaliwa baada ya yeye kuacha kucheza.

Sauti ya Mbotela ilikuwa na uzito uliopita mipaka ya uwanja. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari waliojaribu kuipindua serikali ya Kenya walimlazimisha yeye atangaze mapinduzi hayo redioni. Walijua ni sauti gani ambayo taifa zima lingeitambua.

Pembeni yake shabiki anamweka Charles Hilary, aliyetangaza mpira katika Redio Tanzania, kisha akasikika kutoka Ujerumani na London kabla ya kurejea nyumbani. Yeye naye alikuwa na lakabu, Mzee wa Macharanga, ishara kwamba msimuliaji naye huingia katika orodha ya wanaosimuliwa.

Shabiki ana masharti kwa watangazaji. Mtangazaji bora huanza kwa kusema mpira uko wapi, ndipo aseme umechezwaje. Anajua kunyamaza, kelele za uwanja zisikike. Na analijua soko la maneno: kanzu ni mpira uliopitishwa juu ya kichwa cha mpinzani, tobo ni uliopita katikati ya miguu yake, na msikilizaji huona picha bila kufafanuliwa. Mtangazaji mbaya hukuza. Waliokwenda uwanjani na redio ndogo sikioni wanafahamu kwamba mara nyingine mpira wa redioni ulipita karibu sana na mwamba, ilhali ule wa uwanjani ulikuwa umekwenda kwa waokota mipira.

Swali gumu zaidi linafuata. Ikiwa shabiki alijua kwa kusikia tu, na ikiwa wasimuliaji walikuza, je, orodha yake ina thamani gani? Pengine Kompyuta alikosea mara nyingi kuliko lakabu yake inavyodai. Ndiyo maana ni vizuri orodha ikutane na saa na kitabu cha kumbukumbu, kama ilivyokuwa kwa Bayi. Zinapokutana, kila moja huifundisha nyingine. Saa inasema 3:32.2, shabiki anasema kwa nini muda huo haukuzaa dhahabu.

Wenye sauti hizo wanaondoka. Mbotela alifariki dunia Februari 2025, Charles Hilary mwezi Mei mwaka huo huo. Vijana wanaokulia Sharjah, Birmingham au Minneapolis wanaweza kuipata rekodi ya Christchurch kwenye intaneti kwa sekunde chache. Sababu ya babu kumweka Bayi juu ya Keino, na Akhwari juu ya watu 56 waliomtangulia, hawataipata huko. Hiyo iko kwa babu mwenyewe, na hutolewa kwa njia moja tu: kuketi naye, kumpinga, na kumwacha ajibu.